Tabora hadi Toronto, Kumtaja Bibi Sikudhani

Wenzangu wa barazani hapa Ng'ambo, Tabora, tangu nirudi mmeniuliza kila jioni kulikuwaje huko Kanada, nami nimekuwa nikiwajibu juujuu: kuna baridi, watu hawasalimiani kwenye lifti, basi. Kitwana amenitania kwamba nimerudi na mdomo mdogo kuliko ule nilioondoka nao. Ni kweli. Mimi niliyeshika kipaza sauti kwenye harusi zenu zote na kusoma wasifu wa wazee wenu kwenye misiba, hili limenishinda kulisimulia kwa mdomo. Ndiyo maana nimeliandika.

Naanza na lenyewe, msije mkaruka kurasa mkilitafuta. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Sikudhani, hakuwa mtu wa Bagamoyo kama nilivyowaambia miaka yote. Alinunuliwa akiwa mtoto mdogo, akaletwa Tabora kwa miguu kutoka Manyema, huko Kongo, akawa mtumwa katika nyumba moja ambayo sitaitaja, maana wanaokaa humo leo hawana kosa. Mengine yote ni safari.

Tabora hadi Dar es Salaam

Aliyenialika ni binti yangu Zuhura, anayefanya kazi katika ofisi ya bima Toronto. Ilikuwa Februari 2013. Mjukuu wangu Nuru alikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa sijawahi hata kumshika mkono. Siku moja kabla sijaondoka, kaka yangu Rajabu alinijia nyumbani amekunja uso. Alikuwa ameongea na Zuhura kwa simu.

"Mtoto ana kazi ya shule," aliniambia. "Anatakiwa atoe hotuba ya kupinga utumwa, kwa mtindo wa wale watu wa zamani. Ataanza kukuchimba habari za ukoo. Wewe shika lile lile la Bagamoyo."

Nikamwambia huko ni mbali, nani atatujua. Rajabu akanikumbusha marehemu dada yetu Mwamini, ambaye posa yake ilivunjwa na upande wa mwanamume kwa sababu mtu mmoja alinong'ona sisi ni watu wa aina gani. Mwamini alikaa miaka sita baada ya hapo bila mtu mwingine kubisha hodi. "Mimi nina wajukuu watatu wa kike," Rajabu alisema. Nikamwapia kwamba nitanyamaza.

Basi letu liliharibika tukiwa tumeshaipita Manyoni. Fundi aliingia uvunguni, tukaona miguu yake tu kwa saa nne. Akina mama wa jirani walituletea kuku wa kuchemsha na viazi, na abiria mmoja aliyekuwa akinifahamu akanichokoza: "Mwalimu, si utusomee wasifu wa marehemu?" Nikasimama kando ya barabara nikausoma wasifu wa basi. Nikaeleza lilizaliwa lini, lilisoma njia zipi, limeacha abiria hamsini na wajane wawili, yaani dereva na kondakta wake. Watu walicheka mpaka fundi akatoka uvunguni kusikiliza. Nawaambia haya mjue kichwa changu kilivyokuwa kimevimba. Nilikuwa naenda Toronto nikiamini kwamba kama kuna kitu duniani ninachokijua, ni hotuba.

Angani

Ndege ya pili, ile ndefu, nilikaa karibu na mzee mmoja wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza. Siku hizi anaishi Markham, karibu na Toronto, na wanawe, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha zamani, kama cha walimu walionifundisha mimi. Alipoona sijui chakula kipi ni kipi kwenye ile sinia, alifunua mfuko wake akanipa chapati nyembamba zenye majani ya uwatu. Tulizungumza juu ya Mwanza, juu ya sato, juu ya magoti yetu.

Halafu akaniuliza, kwa wema kabisa, "Na wazee wako asili yao wapi, Mwalimu?"

"Bagamoyo," nikasema. Lilinitoka kabla hajamaliza swali. Nilitazama dirishani kwa muda mrefu baada ya hapo, ingawa palikuwa na mawingu tu. Miaka sitini na minane, na bado najibu swali hilo kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Dixon Road

Zuhura anakaa ghorofa ya kumi na moja kwenye yale majengo marefu ya Dixon Road, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo unaweza kupanda lifti na harufu ya pilau la mtu mwingine mpaka kwako. Wasomali wamejaa, na Waafrika Mashariki wengine tumo humo humo. Nilifurahi kusikia adhana ikilia kwenye simu ya mtu kwenye korido. Baridi siielezi. Ukitaka kuijua, fikiria mtu anayekupiga kofi bila kukoma wala kukasirika.

Nuru alinikumbatia, akaninusa koti, akasema, "Babu, you smell like Mama's suitcase." Nilimpenda pale pale. Anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo tukawa tunazungumza kila mtu kwa lugha yake na tunapatana vizuri tu.

Siku ya pili alinipa karatasi. Shuleni walikuwa wamesoma hotuba za watu waliotoroka utumwa Marekani wakavuka mpaka, wakaja kusimama kwenye kumbi za mji huu huu na kusema mbele ya umati, zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika yake kwa mtindo wao na kuisema mbele ya majaji. Dakika nne, kengele ikilia unakaa.

Nilizisoma hotuba zile kwa siku mbili, miguu kwenye blanketi. Wenzangu, wale walikuwa mabingwa. Wanaanza kwa kuomba radhi, eti mimi sikusoma, mimi sijui kupanga maneno, nivumilieni. Unawavumilia. Kumbe tayari umeshakaa mahali walipotaka ukae. Kisha hawakwambii utumwa ni mbaya. Wanakuletea mtu mmoja, jina lake, shuka aliyojifunika, mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya mnada, na wanakwenda polepole, hawalii. Halafu ghafla wanakugeukia wewe uliyekaa kitini na nguo zako safi. Wanakuuliza jambo rahisi, kama vile ungefanyaje angekuwa wako, kisha wanaacha ukumbi unyamaze. Nimefanya kazi ya kusema mbele ya watu miaka arobaini na sijawahi kuthubutu kunyamaza kiasi kile.

Ndipo nikaisoma ya Nuru. Ilikuwa na mamilioni, na ubinadamu, na historia, na haki. Niliirudisha mezani.

"Imepangwa vizuri," nikamwambia, "lakini huu ni wasifu usio na marehemu. Unalia msiba wa nani? Wenzio walileta mtu mmoja. Lete mtu."

Aliniangalia kwa yale macho ya mama yangu. "Okay," akasema. "Do we have one?"

Nilikuwa nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Zuhura alikuwa anakaanga vitunguu, akageuka naye kusikiliza, kwa kuwa hata yeye nilikuwa nimemlea kwa ile hadithi ya Bagamoyo. Nikaisimulia tena. Biashara ya nazi, nyumba ya mawe, babu mcha Mungu. Niliisimulia vizuri mno. Nuru alishika kalamu lakini hakuandika neno.

"That's nice, Babu," akasema mwishoni, akakunja karatasi yake. Sijawahi kusifiwa kwa namna iliyoniuma vile.

Mabasi mawili

Kesho yake niliona nijikomboe kwa kwenda kununua maziwa. Duka lilikuwa vituo vitatu tu. Nilipopanda basi, dereva alinikatia kikaratasi. Nilikisoma chote. Kilihusu kupanda basi jingine kwa nauli ile ile, nami nikaelewa kwamba nimeshalipia mabasi mawili na kwamba ni lazima niyapande yote mawili, la sivyo nitakuwa na kesi. Kwa hiyo niliposhuka kwenye la kwanza nikaliona duka mbele yangu, nikalipungia mkono, nikapanda la pili. Mmezoea kunicheka, chekeni na hapo.

Lile basi la pili lilikwenda kaskazini, halafu mashariki, mpaka nikajikuta kwenye njia panda ya Jane na Finch, mahali penye maghorofa na wanafunzi wengi wenye vipokea sauti masikioni. Niliteremka nikasimama chini ya kibanda cha kioo, sina simu, vidole sivisikii tena. Mwanamke mmoja aliyebeba mifuko miwili ya sokoni alisimama akanitazama kofia yangu.

"Papa, unatafuta fasi gani?"

Nilikaribia kumpigia magoti. Alikuwa Mkongo (mahali wao huita fasi), anaitwa Mama Furaha, anafanya usafi chuo kikuu pale jirani. Nilipomweleza habari ya kikaratasi alicheka mpaka akaweka mifuko chini kwenye theluji. "Kuya," akasema, "utakula kwanza, kisha nitakupigia mutoto wako simu." Nilikuwa na namba ya Zuhura kwenye kipande cha karatasi ndani ya soksi, kama alivyoniagiza mwenyewe.

Nyumbani kwake alisonga bukari, yaani ugali, akanipakulia sombe, kisamvu chao, na samaki mkavu. Nikamuuliza kwao Kongo sehemu gani.

"Kindu," akasema. "Maniema."

Ndiyo Manyema yetu. Tonge lilinikaa mkononi. Nikamwambia mimi natoka Tabora. Naye akakaa kitako, akafuta mikono, akanitazama upya kana kwamba nimeingia sasa hivi.

"Tabora," akasema. "Basi nitakuuliza kitu, Papa. Bibi yangu, akipakua chakula, alikuwa anaita majina ya batoto bote, mukubwa mpaka mudogo. Katikati pale alikuwa anaita majina mawili ya batu hatuwajui. Ni ndugu za mama yake, balichukuliwa na batu ya biashara bakiwa badogo, bakapelekwa kwenu. Analitenga tonge moja-moja lao. Sisi tukacheka, tukamwambia bale balikufa zamani. Yeye anasema, nani alileta habari ya kifo? Kama habari haijafika, anahesabiwa." Alinisogelea. "Sasa weye ni mutu wa kwanza wa Tabora kukaa kwa meza yangu. Bale batoto, balifika?"

Wenzangu, mimi nimeishi nikidhani ile siri ina upande mmoja tu, upande wetu wa kuona aibu. Haikunipitikia hata siku moja kwamba huko walikotolewa kulikuwa na watu waliobaki, wakipakua chakula na kuhesabu. Sisi tulikuwa tukimficha mtu ambaye wengine walikuwa wakimngojea. Nilijikaza nikashindwa, machozi yakaangukia kwenye sombe ya watu.

"Mmoja alifika," nikasema. "Mmoja namjua. Alikuwa bibi yangu."

Sikumwambia ni yule wa kwao, wala yeye hakudai. Waliochukuliwa walikuwa wengi mno na njia ilikuwa moja. Lakini aliniuliza maswali kama mtu anayeuliza habari za dada yake. Alipata watoto? Mmoja, nikasema, baba yangu. Alikuwa na afya? Mpaka uzeeni. Akawaza, halafu akauliza, "Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka sana," nikamjibu, "nikimwigizia muadhini wetu aliyekuwa na kithembe." Nilikuwa sijamkumbuka bibi akicheka tangu nikiwa na miaka minane.

Zuhura alipokuja kunichukua alinikuta nimevaa sweta la mume wa Mama Furaha na maziwa ya bure mkononi.

Dakika nne

Nilisema jikoni, mchana ule ule, kabla sijavua viatu. Niliwaambia Zuhura na Nuru jinsi alivyonunuliwa. Niliwaambia jina la Sikudhani alipewa hapa Tabora na kwamba jina la kwao hakuna anayelijua. Niliwaambia kwamba hata alipokuwa mtu huru, mkongwe, yeyote wa nyumba ile akija kutusalimia, yeye alivua ndala zake akateremka mkekani akakaa kwenye udongo. Nilimvuta mkono mara moja akae kitini, na baba yangu akanichapa.

Zuhura aliegemea jokofu. "Baba, miaka yote hii? Mimi nimewaambia watu Bagamoyo, nimewaambia in-laws zangu, my whole life."

"Nisamehe, mama," nikamwambia. Alikuja akaniegemea mimi badala ya jokofu, akalia.

Nuru aliuliza kama anaweza kulisema jina la bibi kwenye hotuba. Nikamwambia si langu peke yangu, nikampigia kaka Rajabu. Nilimweleza yote, na Mama Furaha na majina mawili. Simu ilinyamaza mpaka nikadhani imekatika. "Uliniapia," akasema. "Mwamini hayupo, lakini wale watatu wapo." Kisha ikakatika kweli.

Nilikaa na lile jambo siku mbili. Nilimwogopa Rajabu, na nilijua kwamba anachokiogopa yeye si kitu cha kubuni. Lakini kila tulipokaa kula nilimwona yule bibi wa Kindu akiita majina, na asubuhi ya siku ya tatu nikamwambia Nuru, "Mtaje." Akauliza, nyie hotuba zenu huwa zinaanzaje? Hapo ndipo nilipomharibia, kwa sababu nilimfundisha kama ninavyojua mimi: usianze jambo kabla hujamtambua kila mtu kwa cheo chake, kuanzia mgeni rasmi. Mtoto alinisikiliza kwa heshima zote.

Ukumbi wa shule ulijaa. Wanafunzi sita walisema vizuri, wengine kwa sauti kubwa. Nuru alipanda akaweka kiti kitupu kando yake, akaanza. Alimtambua mkuu wa shule. Akawatambua majaji, mmoja mmoja. Walimu, wazazi, wanafunzi wenzake, bwana aliyewasha joto la ukumbi, dereva wa basi, mama aliyemwonyesha babu yake njia. Dakika moja na nusu ilikwisha. Majaji waliangaliana, nami nikaanza kutokwa na jasho katika nchi ile ya barafu.

"Na mgeni wetu rasmi," akasema kwa Kiingereza chake. Watu waligeuza shingo kumtafuta. "Mgeni wetu rasmi ni bibi wa babu yangu. Naomba radhi, sijui jina lake. Ninalo lile alilopewa na waliomnunua. Alitembea mpaka miguu ikapasuka, na alikuwa mdogo kuliko mdogo wako." Hakuharakisha. Alieleza habari za mkeka na ndala. "Alikaa chini maisha yake yote ili watu wengine wajisikie warefu. Leo nimemletea kiti. Nani kati yenu angemwambia ateremke?"

Akanyamaza. Ukumbi wote ulinyamaza naye, na yule mtoto hakuogopa. Kisha akakigeukia kiti, akainama kidogo, akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza nimsikie akikitumia mbele ya watu: "Shikamoo, Bibi Sikudhani."

Nanyi mnajua, shikamoo haiachwi bila jibu. Pale ukumbini hakuna aliyejua kwamba inangojewa. Niliona macho ya Nuru yakitafuta, magoti yangu yakaninyanyua yenyewe, nikasema kwa sauti yangu ile ya harusini, "Marahaba, mjukuu wangu." Kengele ikalia.

Hakupata zawadi. Jaji mmoja alimwandikia kwamba utangulizi wake ulikuwa mzuri sana, ila hakufika kwenye hoja. Nilimwomba Nuru msamaha kwa kumlia dakika zake. Alinishika mkono mpaka tunafika kwenye gari, na akasema, kwa Kiswahili tena, "Babu, tulifika."

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na visa, au mimi sikuviona. Tabora nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja Isevya kwa Rajabu, bila hata kupitia kwangu, maana nilijua nikilala kwanza sitakwenda.

Nilimkuta amekaa nje anachambua mchele. Hakuniinukia. Nilimpa koti alilonunuliwa na Zuhura, akaliweka kando bila kulikunjua. Nikamsimulia kuanzia kiti hadi kengele. Alichambua, akachambua, mpaka mchele ukawa hauna tena cha kutolewa.

"Watu walifanya nini mtoto aliposema?" akauliza.

"Walinyamaza."

"Hakuna aliyecheka?"

"Hakuna."

Akaweka ungo chini. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kumwinua pale kwenye udongo, wale wageni wakishaondoka. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa umeshakimbilia kucheza. Alikuwa mzito kumwinua." Kisha akaniuliza nitawaambia nini ninyi wa barazani, nikamwambia nitawaandikia, lakini jina lake yeye sitalitia, na wajukuu zake sitawagusa.

"Anayetaka kuvunja posa ya mjukuu wangu kwa ajili ya bibi yetu, aivunje mapema," akasema. "Andika alikuwa na wajukuu watatu. Mwamini, aliyetangulia. Wewe. Na mimi, Rajabu, nipo Isevya, nyumba ya pili baada ya mashine ya kukoboa. Anayetaka kuuliza habari zake aje aniulize, nitamwambia."